Mapigo ya mtoto tumboni 62 kwa dakika, dokta anaongelea deksa (deksamethasoni). Hii ndo ile ya kukomaza mapafu au ni kitu kingine?

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Wakuu habari za usiku. Mnisamehe uzi utakuwa mrefu maana nisipoeleza toka mwanzo mtanijibu vitu sivyo. Niko Moshi, Pasua. Waifu ana mimba ya wiki 23, ya pili hii, ya kwanza ni binti yupo darasa la kwanza mzima kabisa anakimbia kama swala.

Wiki mbili nyuma kaenda kliniki kwenye kituo kimoja ambacho sikitaji. Nesi kaweka kile kidude cha dopla tumboni, kasikiliza, kaandika, kafuta. Kaita mwenzake. Mwenzake kasema hiyo betri imeisha. Wakabadilisha betri, ikasoma 62. Wakaambizana haya ni mapigo ya mama siyo ya mtoto, mtoto kajigeuza, basi kwenye kadi wakaandika 140 (yani waliandika tu!) wakamwambia arudi mwezi ujao.

Sasa pale kulikuwa na binti mwanafunzi yupo fildi, kimya kimya, huku wenzake wanabishana yeye kamshika waifu kiganja anahesabu. Akasema mbona ya mama ni 88. Akaambiwa usitufundishe kazi. Yule binti akamfuata waifu mpaka kwenye benchi nje akamwambia dada usisubiri mwezi, kesho nenda hospitali kubwa. Jina lake hatukuuliza na linaniuma mpaka leo.

Tukaenda hospitali ya rufaa. Dokta akampima eko ya moyo wa mtoto akiwa humo humo tumboni, mi sikujua kama kitu kama hicho kipo, nilijua eko ni ya wazee wenye presha. Alikaa na ile mashine kama dakika 40 haongei, anabonyeza tu. Alafu akatuonyesha kwenye skrini, vyumba vya juu vya moyo vinapiga 140 na vya chini vinapiga 60, kila kimoja na hamsini zake. Akauliza waifu kama ana matatizo ya viungo, vipele akikaa juani, macho makavu. Waifu akasema macho na mdomo vinamkauka miaka yote ila alijua ni vumbi la huku kwetu. Akatoa damu. Majibu yamekuja, ana kingamwili inaitwa anti-Ro.

Sasa dokta kaongelea deksa. Hapo ndo nimechanganyikiwa. Shemeji yangu Arusha mwaka juzi alichomwa deksa 4 akazaa njiti na mtoto yupo anasumbua hapo Sakina, kwa hiyo ukoo mzima unasema kubali ni sindano zile zile za mapafu. Dokta anasema siyo kazi ile ile, na hakutulazimisha, katupa siku 3 tufikirie. Usiku nikaingia mtandaoni nakutana na habari kwamba kuna utafiti walichoma deksa wajawazito Afrika na watoto wakafa zaidi. Sijalala. Anayejua anisaidie, na anayetaka kutania apite.

Kiboriloni Finest

Pole sana mangi. Mi sina la kusema ila nimeweka kambi hapa.

Chalii wa Ngaramtoni

Oyaa achana na deksa kabisa. Deksa si ndo zile vidonge madem wanameza wanenepe mashavu? Dawa ya kunenepea unampa mtoto wa tumboni? Na huo utafiti ni kweli, wazungu wanatufanyia majaribio kama panya.

Bibi Nesi

Chalii mjukuu wangu, dawa kutumiwa vibaya na watu wa mashavu haiifanyi iwe mbaya. Hao wanaonunua kwenye duka la dawa bila cheti wanaishia na sukari, presha, na uso wa mwezi, na wakiacha ghafla wanazimia. Hiyo ni habari yao.

Mangi pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31, nimestaafu niko Machame na migomba yangu. Huyo mwanafunzi alifanya kitu ambacho sisi tulifundishwa na ile koni ya mbao kabla hizo dopla hazijaja: ukisikiliza tumbo, mkono wako mmoja uwe kwenye kiganja cha mama. Yakienda pamoja unasikia mama. Yakitofautiana huyo ni mtoto, hata kama namba huipendi. Ya mtoto kawaida ni 110 mpaka 160. Mama ana 88 na tumboni kuna 62, huyo wa 62 ni nani kama siyo mtoto? Lakini wenzangu wakiona namba isiyo ya kawaida wanailaumu mashine. Na hiyo 140 ya kwenye kadi sisi tulikuwa tunaiita mapigo ya kalamu. Nimeona kadi za mapigo ya kalamu nyingi mno, kila mjamzito ana 140, asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima.

Kuhusu deksa namwachia dokta, najua kuna mmoja huwa anapita humu.

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Shikamoo bibi. Kumbe. Nimemsomea waifu hapa kalia tena, ila safari hii anamlilia yule binti.

Bibi Nesi

Marahaba. Mwambie anywe maji.

Mtumishi M

Bwana Yesu asifiwe. Moyo ni wa Mungu. Mleteni kwa maombi kabla ya hizo sindano.

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Mtumishi tumeshaombewa Jumapili, na mchungaji wetu mwenyewe akatuambia msikose kurudi kwa dokta Alhamisi.

Dokta Zamu

Nimetoka zamu sasa hivi, naandika kwa simu, mtanivumilia makosa. Kwanza mi siyo dokta wenu, wenu kaona ile eko na mi sijaona, kwa hiyo uamuzi ni wenu na yeye. Naeleza tu hii kitu inavyofanya kazi ili Alhamisi muulize maswali ya maana.

Moyo fikirieni kifodi cha hapa mjini. Konda yuko juu, akipiga bodi dereva anaondoka. Katikati yao kuna waya unaopeleka ile sauti. Kingamwili za mama kazi yake ni kupigana na vijidudu, na kawaida zinavuka kondo la nyuma kwenda kumlinda mtoto, ndo maana mtoto anazaliwa na kinga kidogo ya mama. Sasa hizi za anti-Ro zikivuka, kwa watoto wachache zinaufuata ule waya wa katikati, unavimba, alafu unakuwa kovu. Ukishakuwa kovu konda atapiga bodi mpaka mkono umuume, dereva hasikii. Anaondoka kwa mwendo wake mwenyewe, 50, 60. Ndo hiyo mliyoona 140 juu na 60 chini.

Ni wachache kweli. Katika wanawake 100 wenye anti-Ro ni kama 2 tu watapata mtoto wa hivi. Na wengi wao, kama waifu wako, walikuwa hawajui kama wanayo, hawana lupasi (ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) hawana nini, wanajulia kwa mtoto. Kipindi cha hatari zaidi ni wiki ya 18 mpaka 24 hivi. Na kinaenda haraka, mtoto anaweza kuwa na mapigo safi leo na kesho waya umekatika.

Sasa deksa. Inatuliza uvimbe. Kwa nini deksa na siyo prednisoloni ambayo kila mtu anaijua? Kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja prednisoloni, mtoto anapata mabaki tu. Deksa na betamethasoni zimetengenezwa tofauti kidogo, kile kimeng'enya hakiziwezi, zinapita mpaka kwa mtoto. Ndo maana hizo hizo mbili ndo zinatumika kwenye mapafu pia. Kwa hiyo ukoo wako hawajakosea, dawa ni ile ile. Kazi ndo siyo.

Ya mapafu ni sindano za milligramu 6 kila saa 12 mara 4, siku 2 umemaliza, jumla milligramu 24. Ya moyo ni vidonge, mara nyingi milligramu 4 kila siku kwa wiki na wiki. Piga hesabu mwenyewe, wiki 10 ni 280. Hiyo siyo sindano ya shemeji. Kwa muda huo mtoto anaweza asikue vizuri, maji ya kwenye chupa yanapungua, mama sukari na presha vinapanda.

Na hapa ndo penye ubishi. Waya ukiwa unalegea tu, yani ujumbe unachelewa lakini unafika, kuna madokta wanaamini deksa ikiwahi inaweza kuokoa. Ukishakatika kabisa kama wenu hakuna dawa inayouunga, deksa wala nyingine. Madokta wa Toronto walitoa ripoti 2004 wakasema watoto wao waliopewa deksa waliishi zaidi. Wa New York wana rejista ya hawa watoto toka 1994, walipopitia mimba 156 za watoto ambao shida ilikuwa ni waya peke yake, 2016 wakasema hawaoni faida ya wazi. Kwa hiyo dokta mmoja atakupa mwingine hatakupa na wote siyo wajinga. Kinachobadilisha mambo ni kama kuna maji yamezunguka moyo wa mtoto au msuli wenyewe umevimba, hapo wengi wanatoa.

Swali lenu la Alhamisi liwe hilo: msuli ukoje, kuna maji?

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Dokta ubarikiwe sana. Nimeandika kwenye karatasi. Hiyo ya kifodi nimemwelezea mama mkwe na kwa mara ya kwanza wiki hii kanielewa.

Chalii wa Ngaramtoni

Dokta umeruka swali langu. Watoto waliokufa je?

Dokta Zamu

Sijaruka, nilikuwa nakula. Ni kweli upo, uliitwa ACT, ulitoka 2015. Ulifanyika Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia, kwa hiyo siyo Afrika peke yake. Walichokuwa wanajaribu ni kusambaza sindano za mapafu mpaka ngazi za chini kabisa, zahanati na hata majumbani. Kwa njiti wenyewe hazikuleta tofauti, na ukichukua watoto wote kwa ujumla vifo vilikuwa 27 kwa kila 1000 upande uliosambaziwa na 24 upande mwingine. Na akina mama waliopata maambukizi wakaongezeka.

Kwa nini? Sehemu kubwa ya waliochomwa hawakuzaa njiti kabisa. Mama hana altrasaundi, tarehe ya mwisho ya kuona siku zake anakisia, mhudumu anaona tumbo dogo anachoma. Mtoto aliyekomaa hakuihitaji ile dawa, amepata madhara bure. Na njiti wa kweli kachomwa lakini anazaliwa sehemu haina oksijeni haina joto haina chochote, mapafu yamekomaa atapumulia nini.

Sasa WHO wakarudia kwa namna nyingine, wanauita ACTION, majibu yakatoka 2020. Bangladesh, India, Kenya, Nigeria, Pakistan. Hospitali zenye huduma ya watoto wachanga tu, umri wa mimba unapimwa kwa altrasaundi, na mama awe kweli yuko njiani kuzaa kabla ya wiki 34. Wanawake 2852. Waliochomwa deksa walipoteza watoto 19.6 kwa 100, waliochomwa maji matupu 23.5. Wakausimamisha kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana. Na maambukizi kwa mama hayakuongezeka.

Dawa moja, majibu mawili. Na Chalii, ule wa kwanza hawakuuficha, ndo maana wewe na mimi tunauongelea hapa. Utafiti wa kuogopa ni ule unaotoka kila mara na habari nzuri.

Chalii wa Ngaramtoni

Aya nimekusoma. Lakini wa mashavu bado ni wajinga.

Laizer wa Monduli

Nimesoma yote. Dokta hii ya mapafu iligunduliwaje, maana mtu hawezi kuamka tu akachoma mama mjamzito.

Dokta Zamu

Laizer hii utaipenda. Ni kondoo. New Zealand kulikuwa na dokta anaitwa Graham Liggins, hata hakuwa anatafuta mapafu, alikuwa anatafuta ni nini kinachoanzisha uchungu. Akawa anawapa wana-kondoo walioko tumboni homoni za aina hii. Wakazaliwa mapema mno, kabla ya siku zao, akategemea wamekufa, anakuta wengine wanapumua. Hiyo alitoa 1969. Akaungana na mwenzake wa watoto, Ross Howie, wakajaribu kwa akina mama 282 pale Auckland, 1972 wakatoa majibu: watoto waliopata shida ya kupumua walikuwa 9 kwa 100 kwa waliochomwa, na karibu 26 kwa wasiochomwa.

Na bado ilichukua zaidi ya miaka 20 hospitali nyingi za Marekani kuanza kuitumia kwa kawaida. Hiyo huwa inanikera kila nikiikumbuka.

Laizer wa Monduli

Kondoo anabeba miezi 5. Akizaa wa miezi 4 huyo ni wa kuzika, nimezika wengi. Kumbe mtu alimkuta anapumua akajiuliza kwa nini. Sisi tungeshukuru tu tukaendelea kuchunga.

Mama Kelvin wa Njiro

Samahani natoka nje ya mada kidogo, mi mimba ya miezi 8 miguu imevimba na nikilala chali pumzi inakata usiku naamka nakaa. Ni hii hii?

Bibi Nesi

Hapana mama, hiyo siyo ya mtoto, huenda ni moyo wako wewe au presha. Miguu kuvimba peke yake tungeongea. Lakini kushindwa kulala chali na kuamka usiku unatafuta hewa ni kwenda hospitali leo, siyo kesho. Usinijibu hapa, nenda.

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Mrejesho wa Alhamisi.

Tulimuuliza kama ulivyosema dokta. Msuli uko vizuri, hakuna maji. Akasema basi yeye akiwa peke yake asingetoa deksa, lakini kama tunataka atatupa na atatufuatilia sukari na maji ya mtoto. Waifu akauliza, ningekuwa mdogo wako ungenipa? Dokta akakaa kimyaaa, akasema nisingekupa. Basi tumekataa. Tunaenda kila wiki kupima. Akatuonya kitu kimoja nikaona nikilete hapa kisaidie na wengine: hiyo ripoti ya eko itembee na mama kila anapokwenda. Maana uchungu ukimshika usiku akafika sehemu wasiyomjua, wakasikia 60 watasema mtoto anachoka, watampasua mbio mbio kumtoa mtoto ambaye hana shida ya haraka, tena hajakomaa. Nimetoa kopi 6. Moja iko kwenye pochi, moja kwa mama mkwe, moja kwa jirani mwenye gari.

Macho na mdomo kukauka kumbe nako kuna jina, Sjögren. Ametafutiwa dokta wa viungo. Dawa ya macho imeanza na anasema hakujua macho yanaweza kuwa hivi.

Kiboriloni Finest

Kopi 6 hahaha mangi ni mangi. Ila umenifundisha.

Nai wa Tengeru

Habari zenu. Mi ni msomaji tu ila huu uzi umenikuta. Mwaka jana nilipoteza mtoto wa miezi 6, altrasaundi walisema moyo unapiga pole pole, hakuna aliyenieleza zaidi, nikaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Sasa nina mimba ya wiki 9. Niulize nini?

Dokta Zamu

Nai pole sana. Na asante kwa kuandika, najua siyo rahisi.

Waambie upimwe anti-Ro. Siwezi kusema ndo kilichotokea, moyo kwenda pole pole una sababu nyingi. Lakini ikija unayo, na yule wa kwanza alikuwa nayo shida hii, basi siyo 2 kwa 100 tena, ni kama 18. Na hapo kuna kitu cha kufanya mapema. Ile haidroksiklorokwini iliyosumbua watu wakati wa korona, watu wa lupasi wanaitumia miaka mingi na mjamzito anaruhusiwa. Jill Buyon na Peter Izmirly na wenzao wa New York waliwapa akina mama ambao walishapata mtoto wa hivi, milligramu 400 kwa siku kuanzia kabla wiki ya 10 haijaisha. Badala ya 18 wakapata 7 na kidogo. Ilitoka 2020. Ni utafiti mdogo, akina mama 54, na haukuwa na kundi la kulinganisha kwa kura. Ila umeona neno wiki ya 10. Wewe uko 9. Usikae na simu hii, nenda kesho asubuhi, na lazima upewe na dokta baada ya kukupima macho na moyo wako, usiende duka la dawa.

Alafu kuanzia wiki ya 16, 17 unafuatiliwa karibu karibu. Kuna Wamarekani wanawapa akina mama dopla ndogo wanajisikilizia wenyewe nyumbani asubuhi na jioni, wakisikia mapigo yanaruka ruka wanapiga simu, kwa sababu ule muda wa waya kulegea mpaka kukatika ni wa masaa, kliniki ya wiki kwa wiki inaukosa. Huku kwetu dopla ya kliniki inaweza kuwa moja inagombaniwa, lakini wazo lenyewe siyo la gharama ya kutisha.

Bibi Nesi

Na Nai, hakuna anayekudai utulie. Lia halafu uende.

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Wakuu nimekaa kimya wiki 10, nisameheni. Narudi na makubwa.

Juzi juzi hapa, wiki ya 33, saa 9 usiku chupa imepasuka. Jirani na gari lake, kopi kwenye pochi, tumefika nesi wa zamu anasikiliza anasema 58 naona sura inabadilika, nkamtolea karatasi kabla hajafungua mdomo. Akasoma. Akamshika waifu mkono, akahesabu, akasema sawa, huyu ni mtoto wa waya. Sijui alijuaje neno la dokta wetu wa humu au wanaita hivyo wote.

Alafu dokta akaja akasema tunamchoma deksa.

Nilicheka wakuu. Usiku ule, nimevaa ndala moja yangu moja ya binti, nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Tulikesha siku 3 tukaikataa deksa, sasa imerudi kwa mlango mwingine, sindano 4 za shemeji wa Sakina. Waifu akanitazama akasema hii ni ya mapafu, mwache achome. Kauliza mwenyewe, umri wa mimba mmepima kwa altrasaundi siyo kwa tumbo? Dokta akasema ipo ya wiki ya 12. Kauliza nina dalili ya maambukizi? Akasema hapana, tumeangalia. Basi mama kasogeza paja.

Siku 2 baadae upasuaji, kwa kuwa mapigo yake hayawezi kufuatiliwa wakati wa uchungu kama ya wengine. Mvulana, kilo 1.9. Alilia. Kidogo, kama paka, ila alilia. Yuko wodi ya njiti, alikaa kwenye oksijeni siku moja na nusu wakaitoa. Yuko kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ile wanayoita kangaroo, mapigo 60, 64 akinyonya. Anapata rangi nzuri, anakojoa, wanasema kwa sasa hahitaji betri ya moyo ila tutapelekwa Dar pale taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete wamwangalie, na kwamba wengi wao mbele ya safari huwekewa. Vipele viwili vitatu usoni, hivyo vinaisha vyenyewe kingamwili za mama zikishamtoka, ni miezi kadhaa. Waya ndo haurudi.

Mama mkwe kaleta mtori wa kulisha wodi nzima.

Dokta Zamu

Hongereni sana. Nimesoma hii nikiwa zamu, nimewasomea na wenzangu.

Chalii wa Ngaramtoni

Nare! Hongera mangi. Jina la dogo?

Mangi wa Pasua (mleta mada)

Bado. Babu yake anataka aitwe Taratibu. Tunajadiliana.

Laizer wa Monduli

Mtoto wa kondoo huyo. Ataishi.

Bibi Nesi

Mangi, ukitoka hospitali rudi pale kituoni ukamtafute yule binti. Vyuo vina orodha ya wanafunzi wa fildi, haiwezi kupotea. Na Nai wetu yuko wapi? Hajaandika tena toka siku ile.

Nai wa Tengeru

Nipo bibi, shikamoo. Nilikuwa naogopa kuandika nisije nikajitia nuksi. Damu ilionyesha ninayo. Ile dawa nilianza wiki ya 10 na siku 2. Leo nina wiki 20. Eko mbili zote safi, dokta anasema ujumbe unafika bila kuchelewa. Hongera sana Mangi, nimelia kwa furaha.

Leo asubuhi kliniki ni nesi mgeni, sijawahi kumwona. Kaweka dopla tumboni, na mkono wake wa pili ukaja wenyewe kwenye kiganja changu. Sikumwambia kitu. Akasema yako 92, ya mtoto 146. Nikaomba nione kadi kabla hajaifunga, na kweli kaandika 146.